Kuimba sauti mbili kwa koo moja: wanaojifunza na wanaopenda kusikiliza tukutane hapa

#1 Mvumo (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna uimbaji ambao mtu mmoja, bila ala yoyote, anatoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni nzito, inavuma palepale bila kuhama. Juu yake inapita nyingine nyembamba, kali kama filimbi, na hiyo ndiyo inayopiga wimbo. Wanaojulikana zaidi kwa ufundi huu ni Watuva, watu wa jamhuri ndogo ya Tuva iliyo ndani ya Urusi, kusini mwa Siberia, mpakani na Mongolia. Wenyewe wanauita khoomei. Wamongolia nao wanao, na UNESCO iliuingiza uimbaji wa Mongolia kwenye orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2010.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila ninayekutana naye anayetaka kujifunza anaanzia kooni. Anabana, anakwaruza, anakohoa, siku ya tatu ameacha. Mimi nasema tuanze na masikio, na nitaeleza kwa nini.

Mchukue mwanaume anayeimba chini, nyuzi zake za sauti zikitetema mara 110 kwa sekunde. Sikio linakuambia umesikia sauti moja tu. Kumbe ndani yake ipo ya 220, ipo ya 330, ipo ya 440, ya 550, inaendelea hivyo, kila moja ikiwa ni ile ya msingi mara mbili, mara tatu, mara nne. Hizo ndizo hamoniki. Zimo kwenye kila sauti ya binadamu, kwenye kila uzi wa gita, kwenye kila tarumbeta. Ubongo umezoea kuzifunga zote pamoja na kukuletea kitu kimoja, na unafanya vizuri, kwa sababu mchanganyiko huo ndio unaokuwezesha kumtambua mama yako kwenye simu kabla hajasema ni nani.

Mdomo ndio unaoamua hamoniki ipi itoke kwa nguvu na ipi ififie. Ukitamka U, za chini ndizo zinazosikika. Ukitamka I, za juu zinaamka. Kinachotofautisha "kula" na "kila" ni hicho tu. Kwa hiyo kila mmoja wetu anacheza na hamoniki tangu alipoanza kuongea. Muimbaji wa Tuva amefanya jambo moja zaidi: ameipa hamoniki moja nguvu nyingi kiasi kwamba ubongo wa msikilizaji unashindwa kuifunga na wenzake, unaisikia imesimama peke yake.

Ndiyo maana nasema sauti ya pili haitengenezwi. Imo tayari. Usipoisikia huwezi kuishika, na ukiisikia koo lenyewe linaanza kuifuata.

Jaribu sasa hivi hapo ulipo. Nong'ona, bila sauti kabisa, pumzi tu: U, O, A, E, I. Polepole. Umesikia kuna kitu kinapanda? Hukuimba, nyuzi za sauti hazikutetema, lakini kuna kitu kimepanda kutoka chini hadi juu. Hicho ndicho tunachokitafuta. Irabu zetu tano, zikipangwa kwa mpangilio huo, zimejipanga zenyewe kutoka chini kwenda juu, na mtu aliyekulia kwenye Kiswahili anazitoa safi bila kufundishwa.

Ukishaisikia kwenye mnong'ono, weka sauti. Shika noti moja ya chini inayokukaa vizuri, usiihamishe, halafu toka U kwenda I kwa mwendo wa taratibu sana, pumzi nzima iishie kwenye safari moja. Fanya bafuni au kwenye chumba kitupu chenye kuta ngumu. Weka kiganja kimoja mbele ya mdomo na kingine nyuma ya sikio ili sauti ikurudie. Usikilize juu ya sauti yako, siyo kwenye sauti yako. Mwanzoni utapata vijisauti vinavyoruka kimoja kimoja. Havitelezi, vinaruka, kwa sababu hamoniki ziko kwa hatua. Ukishavisikia vinavyoruka, umefika mlangoni.

Karibuni wenye maswali, na zaidi wenye ujuzi.

---

#2 KwayaMtoni

Mleta mada ubarikiwe. Nimeona video ya dada wa Kijerumani anaimba sauti mbili, moja inapanda huku nyingine inashuka. Nilijua ni kompyuta imechanganywa. Kumbe ni kweli?

---

#3 Mvumo

Ni kweli kabisa mkuu. Huyo ni Anna-Maria Hefele, na video yake iliyosambaa sana ilitoka mwaka 2014. Anachokifanya ni kigumu kuliko kinavyoonekana. Watuva kwa kawaida wanaitia nanga sauti ya msingi na kuihamisha hamoniki. Yeye anahamisha zote mbili. Fikiria: ukipandisha sauti ya msingi, hamoniki zote zinapanda nayo, kwa hiyo ili ile ya juu ibaki palepale lazima aruke kwenda hamoniki ya chini yake kwa wakati uleule. Hilo linataka hesabu iliyokaa masikioni kabisa.

Halafu ukimsikiliza yeye na ukamsikiliza Mtuva utaona tofauti ya rangi. Mtindo wake wa Ulaya ni laini, koo limelegea. Khoomei ina mkazo kooni, sauti ina ukali, na hiyo filimbi ya juu inakata kweli. Anayeanza aanze na huo ulaini. Mkazo una wakati wake.

---

#4 FundiSpika

Niongezee kwa upande wangu, mimi kazi yangu ni vyombo vya muziki.

Kwanza kusikiliza kwa spika ya simu. Kwa filimbi ya juu simu inatosha, kwa sababu hiyo filimbi inakaa zaidi kati ya mitetemo 1,000 na 2,000 kwa sekunde, na hapo ndipo spika ndogo inapotoa sauti vizuri na sikio la binadamu linaposikia vizuri. Lakini kuna mtindo wao wa kargyraa, ule mzito wa kutisha. Ule ukiusikiliza kwa spika ya simu hujausikia kabisa, kwa sababu msingi wake unaweza kushuka hadi mitetemo 60 au 70, na simu haina uwezo wa kutoa hiyo. Vaa hedifoni nzuri.

Pili, kwa anayejifunza, tafuta programu ya simu inayoonyesha picha ya sauti, ile inayochora mistari ya mlalo ikipanda juu. Zipo za bure. Kwenye kompyuta Audacity inafanya hiyo kazi, Praat pia, na zote ni bure. Ukiimba noti moja utaona mistari mingi imepangana kwa nafasi sawa. Ukitoka U kwenda I utaona giza na mwanga vinapita kwenye mistari. Sikio likichelewa kusikia, jicho linalishika mkono.

---

#5 Mvumo

FundiSpika umenisaidia sana hapo kwenye picha ya sauti. Nasisitiza tu kwamba isikae mbele ya macho muda wote. Angalia, kisha fumba macho utafute kilekile ulichokiona.

---

#6 Bint_Pangani

Naomba kueleweshwa ulimi unakaa wapi. Nimefanya U hadi I na nimesikia kitu kinaruka, nimefurahi sana, lakini ni kidogo mno, mtu aliyekaa pembeni yangu hasikii.

---

#7 Mvumo

Dada, hapo umevuka sehemu ngumu zaidi. Kilichobaki ni cha ulimi na subira.

Anza na sauti ya NG' ya "ng'ombe". Iimbe tu: ng'ng'ng'. Sikia sehemu ya nyuma ya ulimi ilivyopanda ikagusa nyuma ya kaakaa. Sasa uachie kidogo, ulimi wa nyuma ubaki juu lakini usifunge njia, na midomo iwe ya U, imekusanyika, tundu dogo. Ukiwa hapo, sogeza mwili wa ulimi mbele na nyuma kwa kiasi kidogo sana. Namaanisha kidogo sana, kama unene wa ukucha. Midomo ikikaa hivyo, hamoniki inapata nguvu zaidi kuliko kwa irabu za kawaida.

Njia ya pili ni ya L. Peleka ncha ya ulimi juu nyuma ya meno, kama unataka kusema "lala" ukaishia kwenye L. Ncha inabaki hapo, ubavu wa ulimi unaacha mwanya mdogo upande mmoja karibu na magego, na hewa inapita hapo. Mdomo sasa una vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma ya ulimi. Huu ndio msimamo wa sygyt, mtindo wa Tuva wenye filimbi kali kuliko yote.

Mwaka 2020 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya na waimbaji wa Huun-Huur-Tu, kundi maarufu la Tuva. Walirekodi sauti, na mmoja wao akaimba akiwa ndani ya mashine ya MRI ili picha ya koo na mdomo ionekane. Walichokiona ni kwamba njia ya sauti inabanwa sehemu mbili, mbele ulimi unapokaribia ufizi, na nyuma kuelekea kooni. Kubana huko kunasogeza vilele viwili vya mwangwi wa mdomo hadi vinakutana, na nguvu zote zinaangukia eneo moja jembamba. Ndiyo maana hamoniki moja inapiga kelele na jirani zake wananyamaza.

Kwa hiyo kama yako ni ndogo, usiongeze nguvu ya koo. Badili umbo. Ukiongeza sauti tu, unaongeza zote pamoja na tofauti inabaki ileile.

---

#8 Mwanazuoni_K

Samahani kwa wote, siulizi kwa ubaya. Hizi sauti hazihusiani na mambo ya mizimu? Bibi yangu akisikia hiyo kargyraa atasema mtu amepandwa.

---

#9 Mvumo

Ni swali la haki, na ukiusikia kwa mara ya kwanza mwili unasisimka.

Watuva ni wafugaji. Wanafuga kondoo, mbuzi, farasi, yak (ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu), na upande mwingine wa nchi yao hata ngamia na kulungu wa baridi. Imani zao za asili zinaheshimu milima, mito na chemchemi, na Ubuddha nao umeingia. Uimbaji wenyewe umekua kwa mtu aliye peke yake na mifugo, akiitikia anachokisikia. Mtindo mmoja unaitwa borbangnadyr, unabubujika na kuviringika, na wao wanauhusisha na maji ya mto. Mwingine ni ezenggileer, jina lake limetokana na kikuku cha tandiko la farasi, na ukiusikiliza unasikia mwendo wa farasi ndani yake. Mtuva hukaa karibu na mto au mbele ya mwamba wenye mwangwi akaimba pamoja nao. Kwao mahali ni sehemu ya wimbo.

Watawa wa Kibudha wa Tibet, wa nyumba za Gyuto na Gyume, wanaimba sala zao kwa sauti nzito sana inayofanana na kargyraa. Hiyo ni ibada kwao. Lakini ufundi wenyewe ni wa mwili: juu ya nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine ya nyama ambayo kwa kawaida haitumiki kuongea. Kwenye kargyraa mikunjo hiyo inatetema pamoja na nyuzi, mara moja kwa kila mitetemo miwili ya nyuzi, ndiyo maana sauti inashuka oktava nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake. Ni jambo la nyama na pumzi, na mtu wa dini yoyote anaweza kulifanya.

---

#10 Cigogo_Halisi

Nimesoma uzi wote kwa makini na nimesubiri mtu ataje Dodoma. Hakuna aliyetaja, basi naitaja mimi.

Wagogo hawaimbi khoomei, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini sikio la kusikia hamoniki tunalo, na limekaa ndani ya muziki wetu kwa muda mrefu. Wenye kwaya mtanielewa kwa solfa. Mkishika sauti ya msingi mkaiita do, hamoniki ya 4 ni do, ya 5 ni mi, ya 6 ni so, ya 7 ni ta (ile ti iliyoshushwa, tena imeshuka chini zaidi ya ilivyo kwenye kinanda), ya 8 ni do, ya 9 ni re. Sasa nenda kasikilize ilimba (kile kinanda chetu cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba) iliyofungwa kienyeji, au zeze, au wanaume na wanawake wa Kigogo wakiimba kwa kupishana. Ndizo hizo noti. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyezunguka sana Afrika, aliandika hivyo kuhusu Wagogo: kwamba ngazi yetu imejengwa juu ya hamoniki za asili hadi ya 9.

Na hapa ndipo ninapotaka wasikilizaji mtulie. Watuva wanairuka hamoniki ya 7. Wimbo wao wa sygyt unapita 6, 8, 9, 10, 12, unaacha ya 7 na ya 11. Sisi ya 7 tunaikalia. Ndiyo inayofanya mtu asiyezoea aseme kinanda cha Wagogo "kimetoka tuni". Hakijatoka. Kiko sawa kuliko kinanda cha kanisani, maana kinafuata sauti yenyewe ilivyo.

Msikilizeni marehemu Hukwe Zawose. Alizaliwa 1938, Nyerere akamwita Dar es Salaam miaka ya 1960, akaishia kufundisha Bagamoyo, akafariki 2003. Muweke kwenye hedifoni na ilimba yake, usisikilize maneno kwanza. Sikiliza zile njuga na vyuma vinavyotetema pembeni ya kila noti. Kwetu noti tupu haijakamilika, lazima ije na mvumo wake.

---

#11 Mvumo

Mkuu, umeuinua uzi. Nimekuwa nikiwaambia watu waache ya 7 kwa sababu inawachanganya kwenye nyimbo. Kwa anayetaka kuimba kwa namna ya Tuva itabaki hivyo. Lakini kwa zoezi la kusikia, kuanzia leo mtu wa kwetu aitafute hiyo ya 7 makusudi. Ukishika msingi wa 110, itakuwa 770. Ukiisikia hiyo na ukaipenda, sikio lako limetoka kwenye kinanda.

---

#12 MsafiriKusini

Nipo Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, kwa masomo. Msisahau kuwa bara letu lina uimbaji wa hamoniki wenyewe, siyo sikio tu. Huku Waxhosa wanauita umngqokolo, na wanaouimba ni wanawake na wasichana. Umejulikana zaidi kutoka upande wa Lady Frere, kijiji cha Ngqoko. Padri mmoja mtafiti wa muziki, Dave Dargie, ndiye aliyeurekodi na kuuandika miaka ya 1980.

Sauti ni nzito, ya kukwaruza, mwanamke anashuka chini ambako hukutegemea, na hamoniki zinatembea juu. Tofauti na Tuva, msingi hautulii mahali pamoja. Unahama, hasa kati ya noti mbili zilizopishana kwa hatua moja, kwa sababu ndivyo uta wao unavyopigwa. Wana uta wenye kibuyu unaoitwa uhadi, na mwingine wa kupigia mdomoni unaoitwa umrhubhe. Kwenye umrhubhe uzi unasuguliwa na kijiti huku mdomo ukichagua hamoniki, yaani mdomo unafanya kazi ileile ya khoomei, ila sauti inatoka kwenye uzi badala ya koo. Mwalimu wangu huku anasema anayetaka kujifunza kusikia aanze na uta. Nami nimeona ni kweli, kwa sababu uta haukuchoshi koo na unaweza kukaa nao jioni nzima.

Kuna mama, NoWayilethi Mbizweni, aliyekuwa na namna yake iitwayo umngqokolo ngomqangi. Aliitoa kwenye mchezo wa watoto: walikuwa wanamchoma mdudu aina ya mbawakawa kwenye mwiba, anajaribu kuruka na kuvuma, wanamshika mbele ya mdomo uliofunguliwa na kubadili umbo la mdomo ili mvumo wake utoe noti. Yeye akaja kufanya hivyo kwa sauti yake.

---

#13 Bint_Pangani

MsafiriKusini asante sana. Nilikuwa nataka kuuliza kama wanawake wanaruhusiwa, maana kila video ninayoiona ni wanaume.

---

#14 Mvumo

Dada, Tuva kwa muda mrefu wanawake walikatazwa. Waliambiwa wataharibu uzazi wao au kuleta balaa kwa wanaume wa ukoo. Wapo walioimba hata hivyo, na mwaka 1998 Choduraa Tumat alianzisha kundi la wanawake watupu, Tyva Kyzy, maana yake mabinti wa Tuva. Wanaimba mitindo yote. Wasikilize, halafu wasikilize akina mama wa Kixhosa. Sehemu moja ya dunia mwanamke alizuiwa, nyingine ndiye mwenye nyumba. Koo lenyewe halina habari hiyo.

Jambo moja la kiufundi kwako. Mwanamke akiimba juu, tuseme msingi wa 440, hamoniki zake zinaachana mbali: 880, 1,320, 1,760. Eneo ambalo mdomo unaweza kuchagua linabaki na noti chache. Shuka chini, 200 hivi au pungufu, utapata noti nyingi za kuchezea.

---

#15 Kijana_wa_Besi

Mimi nimejaribu kargyraa wiki hii na sasa sauti imekauka. Niendelee?

---

#16 Mvumo

Simama leo. Kunywa maji, usinong'one kwa muda mrefu, ongea kawaida tu na uongee kidogo. Sauti ikirudi yenyewe, anza upya kwa upole. Ukikauka na isirudi ndani ya wiki mbili tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie.

Kargyraa haisukumwi. Anza na ule mguno mdogo wa asubuhi unapoamka, sauti iko chini, mwili umelegea. Au kikohozi cha taratibu mno cha kusafisha koo, ukakivuta kidogo kikawa sauti. Ikishika utaijua, inashuka ghafla oktava nzima na kifua kinatetema bila nguvu yoyote. Ikiuma au ikikwaruza, umekosea mahali, acha. Dakika chache tu kwa siku zinatosha kabisa mwanzoni. Muda uliobaki tumia kusikiliza.

Na kwenye kusikiliza nikusimulie habari ya Paul Pena, kwa sababu ndiyo inayonipa mimi nguvu. Alikuwa mpiga gita wa blues wa San Francisco, kipofu, ukoo wake umetoka Cape Verde. Desemba 1984 alikuwa anazungusha redio ya masafa mafupi usiku akitafuta masomo ya Kikorea, akakutana na Radio Moscow inarusha khoomei. Hakujua ni nini. Alitafuta miaka kadhaa hadi akapata rekodi ya kutoka Tuva, akakaa nayo, akairudia na kuirudia hadi akaweza kuimba. Hakuwa na mwalimu. Hakuwa na wa kumuonyesha ulimi unakaa wapi, na hata angekuwepo asingemuona. Alijifunza pia lugha ya Kituva kwa kupitia kamusi ya Kirusi, kwa kifaa cha kusomea cha wasioona.

Mwaka 1993 Kongar-ool Ondar, mmoja wa mabingwa wa Tuva, alikwenda San Francisco kuimba. Pena akamwendea baada ya onyesho akamwimbia kargyraa. Ondar akamwalika nyumbani. Mwaka 1995 Pena alisimama Kyzyl, mji mkuu wa Tuva, mbele ya Watuva wenyewe, akashinda mashindano upande wa kargyraa, na watazamaji nao wakamchagua. Watuva walimwita kwa jina la tetemeko la ardhi, kwa uzito wa sauti yake.

Mtu huyo alifika huko kwa masikio.

---

#17 Cigogo_Halisi

Hii sikuijua. Nimeisoma mara mbili.

---

#18 FundiSpika

Angalizo kwa wanaotafuta vya kusikiliza mtandaoni: ukiandika tu kuimba kwa koo utaletewa na mambo mengine. Wanawake wa Inuit kule kaskazini mwa Kanada wana katajjaq, wawili wanasimama uso kwa uso wanapokezana pumzi na sauti mpaka mmoja acheke. Ni nzuri sana lakini siyo hamoniki. Wasardinia wa Italia wana cantu a tenore, wanaume wanne, mmoja ana sauti nzito inayotumia mikunjo ileile ya kargyraa, lakini wimbo wao haupigwi kwa filimbi ya juu. Kila kimoja kisikilizwe kwa lengo lake.

Ukitaka kuanza, mpangilio wangu ni huu: Huun-Huur-Tu kwanza, wana ala na nyimbo, sikio halichoki. Kisha Alash, kundi jingine la Tuva. Kisha Sainkho Namtchylak, mwanamke muimbaji wa Tuva, kama una moyo wa majaribio. Zawose muweke katikati yao, utaona anavyokaa vizuri.

---

#19 KwayaMtoni

Wakuu, mimi nafundisha kwaya. Je, hili lina faida kwa kwaya ya kawaida yenye sauti nne, au ni la mtu mmoja mmoja?

---

#20 Mvumo

Lina faida kubwa, na usianze na filimbi yoyote.

Waweke besi washike do ya chini, irabu O, wote wafanane kabisa. Waambie wengine wasiimbe, wasikilize. Besi wakielekea A taratibu, wenye masikio watasikia mi ikitoka juu, ile hamoniki ya 5. Haijaimbwa na mtu. Sasa waambie alto waiingie hiyohiyo waliyoisikia, wasiitafute kwenye kinanda. Itakuwa chini kidogo ya mi ya kinanda, kiasi kidogo tu lakini kinasikika. Halafu tenor waingie so kutoka ya 6. Akodi ikikaa hapo utasikia ukumbi umebadilika, na noti za juu ambazo hakuna soprano aliyeziimba zinatokea.

Kosa la kwaya zetu nyingi ni kwamba kila sauti inajifunza kwa kinanda peke yake, halafu zinaunganishwa siku ya mwisho. Kila mtu anajua noti yake na hakuna anayemsikia jirani. Irabu nazo zinatofautiana, huyu A yake iko mbele, yule iko nyuma, hamoniki zinagombana.

---

#21 KwayaMtoni

Hilo la irabu nimelielewa hasa. Alhamisi tuna mazoezi. Nitaanza na besi peke yao kabla wengine hawajafika, nitawaambia waje mapema. Je, O wao washike kwa muda gani?

---

#22 Mvumo

Pumzi moja, kisha wapokezane ili mvumo usikatike. Wagawe mara mbili. Mstari wa mbele wakivuta pumzi, wa nyuma wanashikilia. Na zima kinanda kabisa, usiwape noti kutoka kwake. Mwenye sauti ya chini kuliko wote ndiye aanzishe.

---

#23 Cigogo_Halisi

Na ukishamaliza na so, mkuu, wape na ile ta. Tenor mmoja tu. Atatoka chini ya anavyoijua, mwache hapohapo, usimrekebishe.